Umechaguliwa kusomea meno vyuo viwili? Hesabu viti kabla ya kuthibitisha

Majina yakitoka na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ikakuweka kwenye orodha ya waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja, cha kwanza kujua ni namba maalumu ya kuthibitisha itaingia kwenye simu ya nani. Waombaji wengi wa Mtwara na Lindi hujaziwa fomu steshenari, na mwenye steshenari akikuta huna barua pepe huweka ya kwake, pengine na namba yake ya simu. Ujumbe utakwenda huko. Mfuate leo, chukua jina la kuingilia na neno la siri, badilisha namba iwe yako. Siku za kuthibitisha ni chache, na asiyethibitisha anahesabika hana chuo hata kama jina lake limetoka kotekote.

Ukishaipata namba, usithibitishe chuo jioni hiyo hiyo. Tumia siku mbili kupiga simu na kuuliza.

Shahada ya udaktari wa kinywa na meno, yaani DDS, ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi. Miaka miwili ya mwanzo hailengi meno sana: anatomia, fiziolojia, baiokemia na wenzao. Hapo vyuo havitofautiani kiasi cha kukunyima usingizi. Tofauti inaanza siku mkono wako unapoingia kinywani mwa mgonjwa, na siku hiyo jina la chuo halikusaidii kitu. Unahitaji kiti cha kutibia meno, mgonjwa, vifaa vilivyochemshwa na mwalimu aliye karibu.

Kwa hiyo uliza viti. Ukijibiwa "viti tunavyo vya kutosha", uliza vingapi vinafanya kazi wiki hii, na wanafunzi wangapi wanavigombania. Chukua mfano: viti 16 vizima, wanafunzi 80 wa mwaka wa 3 hadi wa 5, kliniki siku 5 kwa wiki, vipindi 2 kwa siku. Hiyo ni nafasi 160 kwa wiki, kila mmoja anapata 2. Viti vikiwa 8, unapata kipindi kimoja. Sasa weka juu yake kazi halisi: kutibu mzizi wa gego mkononi mwa mwanafunzi huchukua ziara mbili au tatu za mgonjwa yule yule, na mgonjwa asiporudi unaanza na mwingine. Kwa kipindi kimoja kwa wiki, jino moja linaweza kukumalizia mwezi. Chuo kichanga chenye darasa la watu 25 na viti 10 kinaweza kukupa mikono mizuri kuliko chuo kikongwe chenye umati.

Kiti chenyewe kina siri yake. Drili ya kasi inazungushwa na hewa kutoka kwenye kompresa, na mara nyingi kompresa moja inahudumia safu nzima ya viti. Ikifa, safu yote inalala. Mgonjwa bado anaweza kupigwa ganzi na kung'olewa kwa koleo, ila kuzibwa hawezi. Ndiyo maana penye vifaa vinavyokufakufa hutoka wahitimu hodari wa kung'oa ambao kuziba wamekusoma zaidi kwenye daftari. Na huku kwetu wagonjwa wengi huja jino likiwa limeshaoza hadi ndani, kung'oa utakufanya hadi uchoke. Nenda chuo kitakachokufundisha hayo mengine.

Swali la pili ni idadi ya kazi. Mwanafunzi wa kliniki hupangiwa idadi ya kukamilisha na kusainiwa: kuziba kadhaa, kung'oa kadhaa, mizizi kadhaa, meno bandia kadhaa. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa 4 au wa 5, siyo ofisi ya udahili, wangapi mwaka jana walichelewa kumaliza kwa kukosa wagonjwa. Sapu, yaani mtihani wa marudio, ya nadharia unaweza kuikesha ukaifaulu, lakini mgonjwa wa meno bandia ya kinywa kizima hakeshewi. Hatafutwi usiku mmoja. Uliza pia wanaanza lini kwenye fantomu, kile kichwa cha bandia chenye meno ya plastiki, na kama kila mtu ana chake au mnapokezana. Wenye mkono wa kushoto waulize kama kuna hata kiti kimoja kinachogeuzika upande wao. Wengi hulijua hilo wakiwa wameshafika kliniki.

Fedha. Usilinganishe ada ya mwaka peke yake. Kwenye maelekezo ya kujiunga tafuta ukurasa wa vifaa: wapo wanaowapa wanafunzi vifaa vya maabara, wapo wanaowataka wanunue vioo vya kinywa, vichokonoo, nta, visu vya kuchongea, glavu na makoti. Kisha angalia ada inalipwa kwa awamu ngapi na awamu ya kwanza ni lini. Hili ni kubwa kwa familia ya mkulima wa kusini. Ufuta unauzwa kuanzia Juni, mbaazi zinafuata, lakini korosho, ambayo ndiyo ada kwa nyumba nyingi za Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa, minada yake huanza Oktoba, na malipo huja baada ya mnada. Vyuo hufungua Oktoba au Novemba. Chuo kinachotaka nusu ya ada ndipo usajiliwe na kinachokubali robo ni vitu viwili tofauti, hata kama jumla ya mwaka ni moja. Fedha ya ufuta itunze kwa nauli na kodi ya chumba. Dar wenye nyumba hupenda kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, unafuata chuo ulichothibitisha. Ukithibitisha kimoja na moyo ukabaki kwa kingine, kuhama kunawezekana, lakini bumu, yaani fedha ya kujikimu, litachelewa kukufuata na utaishi kwa kukopa. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na fomu ya chuo liwe lile lile, herufi kwa herufi.

Nafasi ya nje ya nchi isikuzuzue kabla hujauliza mambo mawili. Je, TCU itakitambua chuo hicho na tuzo yake, maana bila hivyo Baraza la Madaktari Tanganyika halina cha kukusajilia? Na wagonjwa wanasema lugha gani? India shahada ya meno ni miaka 4 na mwaka 1 wa vitendo. China darasani unaweza kufundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa aliye kwenye kiti atakueleza maumivu yake kwa Kichina.

Kama ulichopata ni stashahada ya tabibu wa meno, miaka 3, usiione ni kuanguka. Matabibu ndio wanaobeba vitengo vya meno vya hospitali nyingi za wilaya, na ukimaliza na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 mlango wa DDS huwa wazi kwa sifa linganishi, yaani kuingia kwa stashahada badala ya kidato cha sita. Ila ingia ukijua hesabu: 3 na 5 ni 8, bado utarajali.

Ukishathibitisha, piga picha ya ukurasa unaoonyesha umethibitishwa, uchapishe nakala mbili, moja ibaki nyumbani. Mtandao ukigoma siku ya usajili, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea dirishani.