Mpishi naye akae

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikuta jikoni, mwiko mkononi. Mmeuliza: "Chakula kitamu zaidi ni cha mgahawani au cha kupikwa nyumbani?" Sijamaliza hata kulisoma nikajibu kwa sauti, peke yangu: cha nyumbani, tena bila mjadala. Kisha nikazima jiko nikakaa kuandika, maana limenigusa mahali panapouma. Kwa miaka mitatu nimeshindana na sahani moja ya mgahawani, na nilijiona nimeshaishinda.

Niseme kwanza kwa nini nilijibu haraka hivyo. Nyumbani najua mafuta yamefunguliwa lini na kitunguu kimekatwa saa ngapi. Chumvi naitia mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani hata kijiko cha chai hakijai, na mlo mmoja wa nje waweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho bila wewe kuhisi, kwa sababu chumvi na mafuta ndiyo njia ya mkato ya kuufurahisha ulimi. Wala mapishi ya nyumbani hayahitaji makuu. Yai lililokaangwa kwa subira, kitunguu kilichoachwa kilainike polepole mpaka kikawa kitamu chenyewe, nyanya, wali. Mtu mwenye hivyo vinne na dakika 30 hana njaa.

Hata hivyo natoka. Kila baada ya Ijumaa moja natoka na wifi yangu, mke wa kaka, tunakwenda mgahawa mdogo wenye meza saba. Hatupambi nyuso wala hatuweki nafasi mapema. Tunapenda meza ya karibu na kidirisha cha jikoni, na tunaagiza kile kile: wali wa kukaanga kwa mayai.

Wali ule ulinitesa. Punje zimechambuka, kila moja na lake, lakini si kavu. Yai limekatikakatika vipande vidogo, laini, vya manjano. Juu ya yote kuna harufu kama ya moshi, ambayo si ya kuungua, na inakufikia kabla mhudumu hajaweka sahani. Nilipouonja mara ya kwanza nilimwambia wifi, "Huu naupika kesho."

Kesho yake nilipika wali, ungali unafuka nikaumimina wote kwenye kikaango, wali wa watu sita, nikapasulia mayai juu na kukoroga. Nilipata bokoboko la rangi ya udongo. Wiki iliyofuata nikabadilisha mafuta. Iliyofuata nikanunua mchuzi wa soya wa aina nyingine, kisha nyingine, kana kwamba siri iko kwenye chupa. Nikaongeza kitunguu saumu, nikaongeza karoti, nikapunguza maji ya kupikia. Bokoboko lilikuwa linabadilika rangi tu.

Sasa niwaeleze ile Ijumaa ya mvua, na mnivumilie, maana yote ninayotaka kusema yako humo.

Mvua ilikuwa imefukuza watu. Mgahawani tulikuwa sisi na mzee mmoja aliyekuwa akinywa supu. Mpishi, kijana mrefu mwenye kitambaa begani, alikuwa hana haraka, na kidirisha kilikuwa wazi chote. Wifi alikuwa amevuta kiti karibu na ameanza kunieleza jambo. Nakumbuka alianza hivi: "Wifi, kuna kitu nataka nikuulize, lakini usinijibu haraka." Ndipo nikaona mpishi anafungua friji.

Alitoa sinia la wali wa baridi. Kiporo! Alichota kiasi cha sahani mbili, akauvunjavunja mabonge kwa vidole taratibu mpaka punje zikawa zinadondoka kama mchanga. Karai lake la chuma, jeusi, lilikuwa motoni tupu. Alilisubiri mpaka likaanza kutoa moshi mwembamba. Akatia mafuta, akalizungusha yapake pande zote, akamimina mayai mawili yaliyopigwa. Yalifura papo hapo. Nilihesabu moja, mbili, tatu, na kabla hayajaiva akamwaga wali juu yake. Halafu mkono wa kushoto ukaanza kurusha karai na wa kulia ukawa unasukuma kwa upawa, na wali ukawa unapanda hewani na kurudi, unapanda na kurudi. Chumvi. Mchuzi wa soya hakuumimina juu ya wali. Aliupitisha kwenye ukingo wa karai, ukalia "shaaa" na kukauka kabla haujafika chini. Vitunguu vya majani mwishoni, moto ukazimwa. Nadhani hazikufika dakika tatu.

Nilikuwa nimemshika wifi mkono. "Umeona? Ametoa wali kwenye friji! Wa jana!" Akasema ameona. Nikamwuliza mpishi kupitia kidirisha kwa nini hapiki wa sahani nne kwa mara moja, akajibu bila kugeuka, "Karai litapoa, dada."

Maneno yake hayo matatu yalinifungua macho. Nilisoma, nikauliza watu wanaojua, nikajaribu, na sasa naweza kuwaeleza kila hatua. Wali ukipoa, wanga ulio ndani ya punje hujipanga upya na kukaza, na sehemu ya nje hukauka. Ndiyo maana kiporo hakishikani, na wali wa moto, wenye mvuke na ute, hushikana. Kisha kuna moto. Maji yanapochemka hayavuki nyuzijoto 100 au karibu na hapo, kwa hiyo chakula chenye majimaji juu yake hubaki kikichemka hata kama umekiweka kwenye mafuta. Rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa huanza kuja kwa kasi joto likifika kama nyuzijoto 140, pale sukari na vijenzi vya protini vinapoingiliana. Mkemia wa Ufaransa, Louis-Camille Maillard, aliueleza mwingiliano huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ukijaza karai wali wa watu sita, joto lote linamezwa, mvuke unakosa pa kutokea, na badala ya kukaanga unafukiza. Majiko mengi ya nyumbani hayana moto wa kushindana na wa mgahawani. Dawa yake ni kupika kidogo kidogo: sahani mbili, karai lipate moto tena, sahani mbili.

Hapa nitoe tahadhari kwa atakayejaribu, maana hili si dogo. Kiporo cha kukaanga si wali uliolala mezani usiku kucha. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambao chembe zao za uzazi hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la chumba, chembe hizo huota, bakteria huongezeka na kutoa sumu, na aina moja ya sumu hiyo haiondoki hata ukikaanga tena. Utandaze wali kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa moja hivi uwe friji, na uutumie kesho yake.

Kwa kujua hayo nilishinda. Jumapili moja kaka na wifi na mtoto wao walikuja kwetu, nasi tulikuwa watatu, jumla sita. Kiporo kilikuwa tayari, karai la chuma nilikuwa nimelizoesha mafuta kwa wiki kadhaa mpaka likawa jeusi na halishiki. Nilipika mikupuo mitatu. Sahani mbili zikatoka, punje zimechambuka, harufu ile ile. Kaka alionja akanyamaza, kisha akaniita kutoka sebuleni, "Dada, huu ndio wenyewe!" Mimi nilikuwa nasubiri karai lipate moto.

Mhariri, nilipofika kuandika sentensi hiyo ya mwisho nilisimama kidogo. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo: nyumbani kumeshinda, asanteni. Lakini kalamu imenirudisha kwenye siku ile, na nimejaribu kukumbuka mimi nilikula saa ngapi.

Nilikula mwisho. Mkupuo wa kwanza ulikwenda kwa watoto, kwa sababu wali huu ukisubiri dakika kumi unalegea. Wa pili ulikwenda kwa kaka na mume wangu. Wa tatu ulikuwa wangu na wifi, na wifi aliula wake haraka kwa sababu mtoto alimwaga maji. Mimi niliula wangu nimeegemea sinki, karai likipoa pembeni, watoto wakiwa tayari wamenawa. Wala sikuisikia ile harufu. Pua iliyokaa na harufu moja kwa muda huizoea mpaka isiisikie tena. Anayeingia kutoka nje ndiye anayeipata. Nimepika wali ule labda mara ishirini tangu siku hiyo na sijawahi kuula ukiwa wa moto, nimekaa, nikiwa na pua yangu. Sasa nimesemaje kwa uhakika mwanzoni kwamba wangu ni mtamu zaidi? Wanaojua ni waliokuwa mezani.

Kumbe ufundi wenyewe nilioutafuta miaka yote ndio uliniondoa mezani. Kupika kidogo kidogo kunadai mtu mmoja asimame wakati wengine wanakula. Mgahawani kuna mtu ambaye kazi yake ni kusimama hivyo, na analipwa. Nyumbani ni mimi.

Kwa hiyo naona swali lenu limekosa kitu. Kabla ya kuuliza ni kipi kitamu, ulizeni aliyepika alikula akiwa wapi. Neno la Kifaransa restaurant lilikuwa jina la mchuzi mzito wa kumrudishia nguvu mtu aliyechoka. Katika karne ya 18 nyumba za Paris zilizouuza zikaanza kuitwa hivyo, na mgeni akapata meza yake na orodha ya kuchagua, badala ya kula kinachopakuliwa kwa wote, saa iliyopangwa, kama ilivyokuwa kwenye nyumba za wageni. Habari hiyo nimekuwa nayo siku nyingi, nikiihesabu kuwa ni ya supu. Leo naisoma upande wa yule aliyechoka, na pengine anayechoka zaidi ni yule anayepika kila siku.

Basi jibu langu, ambalo siyo lile nililoanza nalo: cha mgahawani. Nasema hivyo kwa vyakula visivyoweza kusubiri, yaani wali wa kukaanga, mayai, viazi vya kukaanga, kila kinachokufa kikipoa. Hivyo nendeni mkale nje, mkae wote, mle kwa wakati mmoja. Sisemi mtu aliyebana matumizi akakope ili ale mgahawani, wala aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi asahau. Na kama jikoni kwenu kuna meza na kiti, au mnapokezana mwiko, huenda hamna tatizo langu kabisa.

Nyumbani nitabaki na vyakula vinavyopika vyenyewe huku nimekaa. Nyama ngumu yenye mishipa, ya mchuzi, moto mdogo, saa mbili na nusu au tatu, mpaka ile mishipa iyeyuke na mchuzi uwe mzito unaonata mdomoni. Kesho yake huwa mtamu zaidi. Maharage mekundu yaliyolowekwa usiku, ambayo lazima kwanza yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kuondoa sumu yake ya asili, kisha yaachwe na moto wa chini hata saa nzima na zaidi. Sufuria moja, inawekwa katikati ya meza, kila mtu anajipakulia, na mimi nikiwemo. Wali uwe wa kawaida. Kaka atalalamika, na mume wangu pia.

Kuna jambo moja limebaki. Nimekaa hapa nikijaribu kukumbuka wifi aliniuliza nini ile Ijumaa ya mvua, nami sikumbuki, kwa sababu hakumaliza. Nilimkatiza nikimwonyesha wali wa friji, na wali ulipofika tuliongea habari za wali mpaka tukaondoka. Hakulirudia, na mimi sikumwuliza. Ni zaidi ya mwaka sasa.

Nimemtumia ujumbe kabla sijamaliza barua hii. Nimemwambia Ijumaa hii tukienda nitakaa kiti cha upande wa pili, nikiwa nimekipa mgongo kidirisha. Amejibu, "Haya, wifi. Lakini usinijibu haraka."