Gamba limebaki kwenye jicho la chatu: weka kibano chini

SWALI: Shikamoo Daktari. Naishi Leicester, Uingereza, nina chatu mfalme jike wa miaka mitatu. Tangu Novemba anajivua gamba vipande vipande, na safari hii jicho la kushoto limebaki na ukungu, leo siku ya tisa tangu amalize. Nimempaka mafuta ya nazi mara mbili. Juzi nilijaribu kulitoa kwa kibano cha nyusi, akarudisha kichwa nyuma. Rafiki yangu anayefuga nyoka ananiambia nimwage maji asubuhi na jioni mpaka matandiko yalowe. Kipimo kilichobandikwa kwenye kioo cha tangi lake kinasoma unyevu asilimia 60, kwa hiyo sidhani kama hewa ndiyo tatizo. Halafu hajala wiki ya sita sasa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hicho kibano kirudishe kilikotoka, leo hii, na usikishike tena kwa kazi hii. Mengine yote yanaweza kusubiri mpaka kesho.

Nyoka hana kope za kufumba. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu kama kioo cha saa, lililoshikana na ngozi ya uso pande zote. Anapojivua, linalotoka ni tabaka la juu tu la kioo hicho. Chini yake kuna tabaka jipya, jembamba sana, na chini ya hilo ndipo lilipo jicho lenyewe. Ukivuta kabla la zamani halijaachia, unang'oa yote mawili.

Niliwahi kuletewa chatu dume ambaye mwenyewe alikuwa, kwa maneno yake, amefanikiwa kulitoa. Alikuja nalo kwenye kipande cha karatasi ya shashi: kitu cha mviringo, kidogo kuliko punje ya dengu, na pembeni yake mstari mwembamba wa damu. Jicho lilikuwa wazi, kavu, limeanza kufanya weupe. Machozi ya nyoka hukaa katikati ya kile kioo na jicho. Kioo kikiondoka, hakuna tena cha kuyashika. Tulipambana na vidonda na usaha wiki mbili, mwishowe nikalitoa jicho. Bwana yule alilia pale kwenye meza ya matibabu, na sikuwa na la kumwambia, maana alikuwa amefuata ushauri alioupata kwa mtu aliyejiita mtaalamu.

Kabla ya kuamua kuwa kuna gamba lililobaki, lichunguze lile lililotoka. Sijui umeshalitupa au bado unalo. Gamba la nyoka hutoka limegeuka nje ndani, kama soksi iliyovuliwa kwa haraka. Tafuta kipande cha kichwa, kiloweshe kidogo, kikunjue juu ya kiganja na ukiangalie mbele ya taa. Unatakiwa kuona viduara viwili angavu mahali pa macho. Kimoja kikiwa hakipo na pana tundu, basi kweli kimebaki kwa mnyama. Vikiwepo vyote viwili, jichoni hakuna cha kutolewa kabisa, na huo ukungu ni jambo jingine: pengine maambukizi chini ya kioo, pengine kovu. Hapo ni kwa daktari moja kwa moja. Wewe ulikuwa unavuta bila kujua kama kuna cha kuvuta.

Mafuta sasa. Ya nazi, ya zeituni, ya watoto, na zile chupa za kupulizia zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mwezi mzima: nimechoka kuyaosha kwenye ngozi za wanyama. Nyoka anapojiandaa kujivua, mwili hutengeneza majimaji katikati ya tabaka la zamani na jipya, na majimaji hayo ndiyo yanayotenganisha moja na jingine. Ndiyo maana macho hufanya rangi ya maziwa, halafu hutakata siku chache kabla ya kujivua. Kinachohitajika ni maji mwilini na maji hewani. Mafuta hukaa juu, huzuia maji usiyempa bado yasiingie, na hunasa vumbi la matandiko mpaka mnyama anaonekana kama maandazi yaliyoangukia mchangani.

Katika barua yako neno lililonipa jibu ni Novemba. Hewa baridi ya nje hubeba maji kidogo sana, na unapoiingiza ndani na kuipasha kwa redieta bila kuiongezea maji, inakuwa kavu kama ya jangwani. Juu ya tangi lako nadhani kuna wavu, na juu ya wavu taa. Unyevu wote unapanda na kutoka. Chatu mfalme kwao ni ukanda unaoanzia Senegal mpaka kaskazini-magharibi ya Uganda, na watu wakiona savana kwenye ramani huhitimisha kuwa amezoea ukavu. Hakai juani. Mchana yumo ndani ya kichuguu au shimo la panya, ambako hewa ina unyevunyevu hata kiangazi.

Na hicho kipimo cha mshale kilichobandikwa kwenye kioo usikiamini. Kijaribu hivi: weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uache usiku kucha. Kipimo kizima kitasoma asilimia 75 au karibu sana na hapo. Nimeona vya mshale vikisoma 50, na kimoja kilikuwa kimekwama kwenye 60 hata kikiwa mezani kwangu. Nunua cha dijitali chenye waya, na kichwa cha waya ukiweke chini, pale nyoka anapolala.

Rafiki yako naye anakupeleka upande wa pili wa shimo lile lile. Unyevu wa hewa si matandiko yaliyolowa. Nyoka akilala juu ya kitu chenye maji siku baada ya siku, magamba ya tumbo hupata malengelenge, hugeuka rangi ya kahawia na kuoza. Ukimwaga maji asubuhi na jioni, Februari utaniandikia kuhusu tumbo.

Fanya hivi. Funika robo tatu ya wavu kwa foili, ukiacha wazi sehemu iliyo chini ya taa. Weka makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha vidole vinne, na mimina maji kwenye pembe ili yalowe kwa chini na juu pabaki pakavu. Bakuli la maji liwe pana, lisogee upande wa joto. Chukua kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko, toboa tundu la kumtosha kupita, lainisha kingo, tandika ndani taulo za karatasi zilizoloweshwa na kukamuliwa: hicho ndicho kichuguu chake, ataingia mwenyewe. Lenga asilimia 60 hadi 70. Joto liwe nyuzi 31 hadi 33 upande mmoja na 24 hadi 27 upande wa pili, na chanzo chochote cha joto kipite kwenye themostati, yaani kidhibiti joto. Jicho liache. Mara nyingi gamba lililobaki hutoka lenyewe na gamba linalofuata, hewa ikiwa sawa. Jicho likivimba, likibonyea au kutoa majimaji, au akijivua tena na gamba hilo lisitoke, mpeleke kwa daktari. Angalia pia ncha ya mkia: pete ya gamba kuukuu ikibaki pale hukaza kama uzi na kuua mkia taratibu.

Kuhusu kula, wiki sita kwa chatu mfalme mzima aliyenona si jambo la kukukosesha usingizi, hasa wakati wa baridi. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hiyo ni habari nyingine.

Ninachotaka wafugaji wote walielewe ni kwamba nyingi ya kesi ninazoziona hazikuanza na ugonjwa. Zilianza na nyumba mbovu, akaja mtu na tiba. Nyoka anapumua kwa mlio, mapovu mdomoni, kichwa amekiinua juu: mwenye duka anamuuzia mwenye mnyama mafuta ya mikaratusi ya kuweka kwenye tangi. Nyoka hana kiwambo cha kifua, ule msuli wa kusukumia pumzi, hawezi kukohoa, makohozi yanabaki mapafuni yakioza, na wiki tatu zinapita kwenye mikaratusi. Mwingine anampa vidonge vya antibiotiki vilivyobaki vya paka, mnyama akiwa kwenye nyuzi 22, joto ambalo mwili wake hauwezi kuitumia dawa hiyo ipasavyo. Mwingine anaona utitiri, vidude vyeusi vinavyotembea kandokando ya macho na kuzama kwenye bakuli la maji, ananunua ivermektini, dawa ya ng'ombe ya kuua minyoo na wadudu, na kukisia kipimo kwa jicho. Nilimpokea mmoja aliyepuliza dawa hiyo chumba kizima. Nyoka alipona. Kobe wake wawili, waliokuwa rafu ya chini, walikufa, kwa sababu ivermektini ni sumu kwa kobe. Mauzo hayo yote yalitanguliwa na maneno yale yale: haina madhara, ni ya asili, kila mtu anatumia.

Nanyi mnaoniandikia kutoka Kenya mkitaka kumweka nyumbani chatu mliyemkuta shambani, jibu langu halijabadilika: sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na mnyama aliyetoka porini huja na kupe na minyoo yake.

Kwako wewe, ukiamua kuja kliniki, tafuta daktari anayetibu reptilia, si kila anayetibu mbwa. Mlete nyoka ndani ya foronya iliyofungwa, foronya ndani ya boksi lenye matundu, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo pembeni. Lete gamba kwenye mfuko, picha ya tangi zima, na masomo ya kipimo kipya ya siku tatu, ya asubuhi na ya usiku.