Dania ya dirishani kurefuka na kulala: kwangu tatizo lilikuwa dirisha lenyewe

Dada uliyeuliza kwa nini dania yako ya jikoni inarefuka kama uzi halafu inalala, pole sana, mimi hiyo ilinitesa karibu mwaka mzima. Nakaa flati ghorofa ya pili Ntinda, hapa Kampala, na nilikuwa nafuata maelezo ya intaneti yanayosema weka kopo dirisha la kusini. Hayo waliyaandika watu wa Ulaya, kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi ikweta iko hapo Kayabwe tu, njia ya Masaka, kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka wa tisa jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini linakaa karibu nusu mwaka bila kupigwa na jua, na mche ukikosa mwanga unajivuta kuutafuta ndo maana unakuwa mwembamba hivyo. Nikahamia dirisha la mashariki, jua la asubuhi linaingia mpaka saa nne hivi, miche niliyopanda pale ikatoka mifupi, imesimama.

Mbegu usinunue za pakiti, chukua tu zile punje za viungo sokoni, mimi natoa Nakasero. Kila punje ina mbegu mbili ndani, pitishia chupa juu taratibu mpaka zipasuke nusu, usisage, loweka usiku mmoja, panda palepale zitakapokulia maana mzizi wa dania unashuka moja kwa moja na ukiuhamisha unadumaa au unakimbilia maua. Na panda kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu, hapo hukosi ya kwenye mayai ya rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai.

Rozimeri sasa, hii iliniuma. Nilikuwa naimwagilia kila asubuhi, majani yakaanza kuwa kahawia kutokea chini, nikaona ina kiu nikaongeza maji, siku naing'oa mizizi ilikuwa myeusi, ukiishika inateleza ganda linabaki vidoleni, na harufu ya mtaro. Haikuwa kiu jamani, ilikuwa inaoza. Siku hizi nachanganya udongo debe mbili na mchanga wa ziwani debe moja, nakata jerikeni ya lita 20 nusu, natoboa chini kwa msumari nilioupasha moto kwenye sigiri, matundu kama kumi, na simwagilii mpaka nichomeke kidole nikute pakavu. Mvua za mwezi wa nne zikichachamaa naisogeza chini ya paa. Huku kwetu hakuna baridi ya kuua mimea, kinachoua ni maji kutuama.

Mnanaa ni rahisi, kata tawi chini kidogo ya pingili, weka kwenye glasi ya maji, mizizi ikitoka panda, ila upe chombo chake peke yake maana unatambaa na kumeza wenzake. Mujaaja, ule wa jamii ya mrehani, na mchaichai, ule Waganda wanaita kisubi, hivyo viwili kama una kiwanja hata kidogo weka nje, ndani vinabanwa bure, na chai ya mujaaja ya kuchuma saa hiyohiyo huwezi kuilinganisha na makavu.

Hebu niambie dirisha lako linatazama wapi na jua linaingia saa ngapi mpaka saa ngapi. Kama haliingii kabisa, acha dania kwanza, anza na mnanaa, wenyewe unavumilia kivuli.