Ncha ya kisu ilikuwa namba kumi na moja

Mwaka wangu wa kwanza kama ofisa ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nilikuwa na rejista ya kasoro iliyojaa na jedwali nililolipenda kupita kiasi. Kila kasoro niliipa alama tatu, kati ya 1 na 5: madhara yake, uwezekano wa kutokea, na ugumu wa kuigundua. Nazidisha, napanga kuanzia kubwa, nashuka nayo. Bosi naye alilipenda, maana lilikuwa na rangi.

Siku moja zamu ya mchana wakaandika: "Kisu meza ya 4 kimekatika ncha. Kimebadilishwa." Nikakipa madhara 5, uwezekano 1, ugumu 2, kwa kuwa mwisho wa laini tuna mashine ya kugundua vipande vya chuma. Nikapata 10. Lebo za katoni zilizokuwa zikibandikwa kombo zilipata 2 mara 4 mara 3, yaani 24. Basi nikashinda na lebo, kisu kikakaa namba kumi na moja.

Jioni nikakikuta kisu chenyewe kwenye ndoo ya vifaa. Pengo lake lilitosha ukucha wa kidole cha mwisho. Nikamuuliza msimamizi, ncha iko wapi?

"Dada, kisu si nimeshabadilisha? Unataka nini tena?"

Minofu ya meza ile ilikuwa imeshagandishwa, katoni zinasubiri kontena la asubuhi. Na ile alama yangu ya 2 ilikuwa ya kubahatisha: visu vyetu ni vya chuma cha pua, ambacho mashine hukigundua kwa shida kuliko chuma cha kawaida, tena minofu mibichi yenye majimaji huzidi kuichanganya. Tukazuia bechi nzima. Wengine wakapitisha katoni upya kwenye mashine, wengine wakafungua vichujio vya mifereji ya maji machafu. Saa kumi alfajiri mama mmoja wa usafi akaiona ncha, imelala kwenye vipande vya ngozi.

Wapo waliosema nimewafanya wakeshe bure. Sikukubali, na sikubali hadi leo. Mpaka saa ile hakuna aliyejua ilipo, na mzigo ulikuwa unakaribia kutoka.

Siku hizi kabla ya kuzidisha chochote nauliza: samaki yuko wapi sasa hivi, na kuna kitu gani hapa ambacho hakuna anayekijua? Kama mzigo unaelekea getini na kuna kitu hakijulikani, zuia bechi kwanza, alama baadaye. Kuzuia si kukiri kosa.

Jingine ni kasoro zinazojirudia. Samaki anatakiwa atufikie akiwa amekaribia nyuzi 0. Akija na nyuzi 6 mara moja, pengine barafu imeyeyukia njiani. Mara tatu kwa mwezi kutoka mwalo uleule wa kushushia samaki, usiandike kasoro tatu ndogo. Hiyo ni moja, na ni kubwa. Sahihi nazo hazina uzito sawa. Ikikosekana kwenye fomu ya kufagia ofisi, itasubiri. Ikikosekana kwenye fomu ya joto la stoo ya kugandishia, huna cha kumwonyesha mkaguzi kwamba mzigo ulikaa nyuzi 18 chini ya sifuri.

Mkuu wa uzalishaji atakusukuma, ndiyo kazi yake. Mimi humkumbusha 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya wavuvi wanaotumia sumu. Tanzania, Kenya na Uganda zote zilifungiwa, na viwanda visivyo na kosa vikaumia vilevile. Hapo huwa anapunguza sauti.

Visu sasa vinatoka stoo kwa namba na kurudi kwa namba, na kikikatika kinaletwa pamoja na ncha yake kwenye kimkebe. Zile lebo bado zinabandikwa kombo. Tunasubiri spea ya mashine kutoka Dar.