Elfu kumi na nane

Swali lenu la wiki hii linasema: "Unyenyekevu umekufikisha wapi katika imani yako?" Mimi umenifikisha kwenye daftari la michango.

Ni mhazini wa jumuiya yetu huku Tabata, na mkate wangu wa kila siku ni uhasibu, duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mwaka jana tulichanga kwa ajili ya paa la kanisa letu la kigango. Aliyepita nyumba kwa nyumba ni bibi mmoja mjane, pesa anazifunga kwenye ncha ya kanga. Kufunga mwezi, nikakuta upungufu wa Sh 18,000. Sikupiga kelele. Nilimfuata mwenyekiti, nikamwambia taratibu, "Bibi tumpumzishe, umri umeenda." Kwa sauti ile ungedhani ndiyo kwanza natoka mafungoni.

Maneno yakamfikia. Jumamosi akaja kwangu na karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne: majina, kila jina na chake. Jumla 46,000. Nikafungua daftari langu. Mwandiko wangu mwenyewe: 64,000.

Sasa, kila kijana anayekuja kujifunza kazi pale dukani namwambia wiki ya kwanza: tofauti ikigawanyika kwa 9, kabla hujamshuku mtu angalia kama umegeuza tarakimu. Kumi na nane! Mtoto wa darasa la nne angeigawa. Sikuigawa, kwa sababu haikunipitia kichwani kwamba mkosaji naweza kuwa mimi. Wiki tatu ukweli ulikuwa kabatini kwangu, nami naulinda kwa kufuli.

Farisayo wa Luka 18, yule aliyepanda hekaluni kusali pamoja na mtoza ushuru, naye vitabu vyake vilikuwa safi: anafunga mara mbili kwa juma, zaka anatoa katika mapato yote. Sidhani kama alidanganya. Mtoza ushuru, mtu wa fedha mwenzangu, alikuwa na mstari mmoja tu: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Akashuka kwenda nyumbani "amehesabiwa haki". Neno hilo nalisoma tangu kipaimara na sikuwahi kusikia kwamba ndani yake kuna hesabu, na kwamba kalamu kashika mwingine. Tumaini langu limekaa hapo. Vitabu vyangu ningevifunga mwenyewe, ama ningeghushi, ama ningekata tamaa.

Kuungama mbele ya jumuiya kulikuwa kugumu, ila kuliisha kwa dakika mbili. Kupokea ndiko kulikonishinda. Yesu alipotaka kumwosha miguu, Petro alisema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," na namwelewa sana. Sisi tunaoteuliwa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu huwa tunasugua visigino kwa jiwe nyumbani, ili padri akute miguu iliyokwisha kuoshwa. Nimo.

Bibi hakutamka kwamba amenisamehe. Jumamosi iliyofuata alikuja kama kawaida, akafungua fundo la kanga, akamwaga noti mezani.

"Hesabu, mwanangu. Kwa sauti, nisikie."

Nikahesabu. Nilipofika kwenye za elfu mbili akanisimamisha, nikaanza upya.

Msomaji, Tabata, Dar es Salaam