Maswali ya wasomaji: Kadi ‘isiyo na makato’ ugenini

SWALI: Ndugu Mhariri, natarajia kwenda nje ya nchi kwa masomo ya miezi kadhaa, na nimekuwa nikilinganisha kadi za benki na zile zinazofunguliwa kupitia programu za simu. Karibu zote zinatangaza kwamba hazina makato mtu anapolipia kwa fedha za kigeni. Hata hivyo, kati ya watu wawili niliowauliza, ambao wana kadi ya aina moja, mmoja anasema hakukatwa chochote na mwingine anasema alikatwa. Nimwamini nani, na nichague kwa kutazama nini?

JIBU: Huenda wote wawili wanasema kweli. Tangazo la ‘hakuna makato’ kwa kawaida huhusu ada moja tu, nayo ni ile asilimia ambayo mtoaji wa kadi huongeza juu ya kila malipo yasiyofanywa kwa sarafu ya akaunti yako. Kwa kadi nyingi za kawaida asilimia hiyo huwa kati ya 1 na 3, kwa hiyo kuondolewa kwake si jambo la kubeza: mtu anayetumia dola 2,000 kwa kadi yenye ada ya asilimia 3 hulipa dola 60 ambazo hakununulia kitu. Lakini tangazo hilo halisemi lolote kuhusu kiwango cha kubadilishia fedha, wala kuhusu mwenye mashine ya kutolea fedha, wala kuhusu mwenye duka, na kila mmoja wa hawa anaweza kukukata kwa wakati wake.

Anza na kiwango cha kubadilishia, kwa sababu hapo ndipo gharama hujificha vizuri zaidi. Unapolipa kwa kadi yenye nembo ya Visa au Mastercard, mtandao wa kadi una kiwango chake ambacho hukipanga kila siku na kukiweka wazi kwenye tovuti yake, pamoja na kikokotoo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia. Kwa sarafu kubwa, kiwango hicho hakipishani sana na kile ambacho benki hubadilishiana zenyewe kwa zenyewe. Baadhi ya watoaji wa kadi hukipitisha kwako kama kilivyo, na wengine hukiweka kando wakapanga chao. Chukua kadi mbili: ya kwanza haina ada lakini kiwango chake ni kibaya kwa asilimia 4, na ya pili inatoza ada ya asilimia 2 kwa kiwango cha mtandao. Kwa manunuzi ya dola 500, ile ‘isiyo na makato’ itakugharimu dola 20, na ile yenye makato dola 10. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtoaji wa kadi ni kwamba anatumia kiwango cha nani, na jibu alionyeshe kwenye mwongozo wake wa ada, maana maneno ya mdomo ya mhudumu hayatakusaidia baadaye.

Jambo hili pia unaweza kulipima mwenyewe kabla ya kusafiri. Nunua kitu kidogo mtandaoni kwa muuzaji anayetoza kwa sarafu ya kigeni, subiri malipo yakamilike, kisha linganisha kiasi kilichoondoka kwenye akaunti na kile kinachoonyeshwa na kikokotoo cha mtandao wa kadi. Tofauti ndogo sana isikutie shaka, kwa sababu kiwango kinachotumika kinaweza kuwa cha siku muamala uliposhughulikiwa, ambayo si lazima iwe siku uliponunua. Tofauti ya asilimia 2 au 3, hata hivyo, ni ada iliyovaa nguo nyingine. Usilifanye jaribio hilo mwisho wa juma, kwani soko la fedha za kigeni hufungwa kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili kwa saa za New York, na baadhi ya watoaji wa kadi za programu za simu huongeza asilimia fulani katika muda huo ili kujikinga na mabadiliko ya bei.

Kuhusu fedha taslimu, fahamu kwamba mashine ya kutolea fedha ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana haki ya kutoza ada yake hata kama benki yako haikutozi kitu. Mara nyingi ada hiyo huonekana kwenye kioo kabla hujathibitisha, na ukiona ni kubwa unaweza kughairi ukajaribu mashine ya benki nyingine. Vilevile, kadi nyingi za aina hii huruhusu kutoa fedha bure hadi kikomo fulani kwa mwezi, na zaidi ya hapo hutoza. Nadhani ndiyo sababu ya tofauti kati ya marafiki zako wawili: huenda mmoja hulipia dukani kwa kadi, na mwingine hutoa fedha taslimu mara kwa mara.

Linalobaki ni lile ambalo kadi yoyote, hata iliyo bora kuliko zote, haiwezi kukukinga nalo. Unapoingiza kadi yako kwenye mashine ya malipo, mashine hutambua kwamba imetolewa nchi nyingine, na kioo huweza kukuletea kiasi kilekile kwa namna mbili: juu kwa fedha za nchi uliyopo, chini kwa fedha za kwenu, pamoja na mstari wa maandishi madogo unaotaja kiwango. Fedha za kwenu unazifahamu, kwa hiyo mkono hukimbilia huko. Ukichagua hivyo, anayebadilisha fedha si mtandao wa kadi tena bali ni kampuni inayomhudumia mwenye duka, kwa kiwango chake na faida yake, na kadi yako isiyo na ada haina la kufanya kwa sababu kwake malipo yamefika yakiwa tayari yamebadilishwa. Umoja wa Ulaya ulilitungia jambo hili kanuni mwaka 2019, na kuanzia Aprili 2020 wanaotoa huduma hiyo ndani ya umoja huo wanatakiwa kuonyesha nyongeza yao kama asilimia juu ya kiwango cha rejea cha Benki Kuu ya Ulaya. Wewe chagua fedha za nchi uliyopo kila mara. Kwenye mashine ya kutolea fedha, swali huja kwa maneno ya kutisha kidogo, kana kwamba ukikataa hutapata fedha. Kwa kawaida ukikataa ubadilishaji, muamala huendelea na fedha hutoka. Na dukani, ikiwa muuzaji amekubonyezea mwenyewe bila kukuuliza, soma risiti kabla ya kuondoka, umwombe afute malipo na kuanza upya.

SWALI: Nina kadi ya mkopo isiyo na ada ya fedha za kigeni. Je, inatosha kwa safari nzima?

JIBU: Kwa malipo ya dukani na hotelini inatosha, na kwa mambo fulani ni bora kuliko kadi nyingine. Hoteli na wakodishaji wa magari huzuia kiasi fulani kama dhamana: kwenye kadi ya mkopo kinachozuiwa ni sehemu ya kikomo chako cha kukopa, lakini kwenye kadi ya akaunti zinazozuiwa ni fedha zako halisi, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa. Kadi za kuwekea fedha kwanza hukataliwa kabisa na baadhi ya wakodishaji. Usiitumie kadi ya mkopo kutolea fedha taslimu, kwa sababu watoaji wengi huhesabu riba tangu siku ileile na kuongeza ada ya kutoa, hata kama manunuzi ya kawaida hupewa muda wa neema.

SWALI: Nilirudisha bidhaa niliyonunua ng’ambo kwa kadi isiyo na makato, nikarejeshewa pungufu kidogo. Je, nimeibiwa?

JIBU: Si lazima. Muuzaji hurejesha kiasi kilekile kwa sarafu yake, lakini fedha hubadilishwa mara mbili katika siku mbili tofauti, na kiwango kikiwa kimesogea unaweza kupata pungufu au hata ziada. Angalia taarifa ya akaunti: ikiwa kiasi kwa sarafu ya kigeni kinalingana pande zote mbili, huna dai dhidi ya muuzaji.

SWALI: Laini yangu ya simu haitakuwa hewani nikiwa huko. Kadi itafanya kazi?

JIBU: Mashine za dukani huhitaji kadi na namba ya siri, si simu yako. Tatizo liko kwenye manunuzi ya mtandaoni, ambayo mara nyingi huthibitishwa kwa namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Muulize mtoaji wa kadi kama uthibitisho unaweza kufanyika ndani ya programu yake kwa kutumia intaneti pekee, na uuwezeshe kabla ya kuondoka, kwa kuwa kuuwezesha kwenyewe huhitaji ujumbe mfupi mara nyingi. Chukua pia kadi ya pili kutoka kwa mtoaji mwingine, ikiwezekana ya mtandao mwingine, na usiiweke kwenye pochi moja na ya kwanza. Kadi mpya ikitumwa, mara nyingi huenda kwenye anwani yako ya nyumbani, nawe utakuwa mbali nayo.