Mnaoanza fildi kwenye korosho, swali lipi uulize AI na lipi ugugo

Wadogo zangu mnaokuja fildi huku Mtwara, hili nawaambia mapema maana mwaka wangu wa kwanza kazini nusura liniponze. Niko Tandahimba shambani, mzee mmoja kanionyesha maua ya mkorosho yamejaa kama unga mweupe, yanakauka, akaniuliza mwanangu nipulizie nini na kiasi gani, mi nikatoa simu nikauliza ChatGPT. Ikajibu chap, Kiswahili kimenyooka, na kipimo cha kila mti juu. Nikamwandikia mzee kwenye karatasi. Usiku roho haitulii, nikafungua chati mpya nikauliza swali lile lile, kikaja kipimo kingine kabisa na kimeandikwa kwa uhakika ule ule! Asubuhi sana nimepanda bodaboda kwenda kuomba ile karatasi, nashukuru Mungu alikuwa hajapulizia.

Ile kitu haikusudii kudanganya, inachofanya ni kukisia neno linalofuata kutokana na maandishi mengi iliyolishwa, kwa hiyo namba ya kweli na namba inayofanana na kweli kwake zinatoka na sauti moja. Google inakupeleka kwenye kurasa, unaona nani kaandika na lini, japo siku hizi na yenyewe mara nyingi inaweka jibu la AI pale juu, we shuka chini.

Lakini AI msiitupe jamani. Raha yake ni pale hujui kitu kinaitwaje. Mwelezee tu maua yana unga mweupe, asubuhi kuna baridi na umande, itakutajia ugonjwa wa ubwiriunga na jina lake la kitaalamu, hapo sasa ndo ugugo hilo jina ukiongeza neno Naliendele, maana utafiti wa korosho unafanyika pale na maelekezo yao yametokana na mikorosho ya huku huku kwetu.

Bei ndo usiiulize AI kabisa. Bei inatoka mnadani, mnada huu na ujao ni vitu viwili, na hata ukigugo angalia tarehe kwanza, usije ukamsomea mkulima habari za 2018 serikali ilipotangaza kununua kwa 3,300 kilo akabeba hiyo kichwani.

Kipimo cha dawa soma lebo ya mfuko alionao mkulima mkononi, ukikwama mpigie bwana shamba aliyekutangulia, hata iwe usiku, maua yakishaungua msimu wa mzee umeisha.